Mwalimu Venanti Hakufa Njaa

Ndugu, jamaa na majirani mliofika hapa Kasulu kumsindikiza mwenzetu, maneno haya yameandikwa na Josepha, mjane wa marehemu, kwa mkono wake mwenyewe, naye amemwomba kaka yake Castory ayasome yote bila kulainisha kitu, kwa sababu tangu juzi, chini ya turubai hili hili, inanong'onwa kwamba mwalimu ameuawa na njaa, kwamba mke wake alimpimia chakula kwa kikombe mpaka akakauka. Anayesema hivyo asiondoke, akae asikilize.

Marehemu Mwalimu Venanti Bitariho alizaliwa tarehe 14 Aprili 1966 huko Makere, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Bitariho na mkewe, wakulima wa muhogo na maharage, akabatizwa mwaka huohuo, na kwa maneno ya dada yake Loyce, ambaye yupo hapa mbele, alikuwa mtoto mpole asiyelia ila njaa ikimshika.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Makere kuanzia mwaka 1975 hadi 1981, akachaguliwa peke yake katika darasa zima kwenda sekondari Tabora, akamaliza kidato cha nne mwaka 1985 na cha sita mwaka 1988, kisha akasomea ualimu wa baiolojia na kemia hadi 1991, na kwa wakati ule mtoto wa mkulima kufika huko haikuwa mchezo, ukoo ulichinja mbuzi wawili.

Tarehe 6 Januari 1992 aliajiriwa kufundisha sekondari wilayani Kibondo, akakaa huko miaka kumi na sita, na tarehe 4 Februari 2008 akahamishiwa hapa Kasulu, alikofundisha mpaka maradhi yalipomshinda. Ninyi wanafunzi wake, na wengine sasa mna mvi, mnalikumbuka somo lake la kabohaidreti, maana kila mmoja wenu alipewa tonge la ugali wa muhogo bila mboga, akaamriwa alitafune asilimeze mpaka alione limekuwa tamu, ndipo mwalimu aseme kwamba wanga ni glukosi nyingi zilizoshikana mikono kwenye mstari mrefu, na mate yameanza kuukata. Hapo alikuwa hasimami tena, anaeleza sukari za punje moja, glukosi na fruktosi, zinazojaa kwenye asali ya Kibondo, na za punje mbili, ile ya kwenye chai na ile ya kwenye maziwa, halafu ile mistari mirefu, wanga ambao mmea unaufukia mzizini kama akiba, glikojeni ambayo mtu anaitunza kwenye ini na misuli, na selulosi inayolisimamisha bua la muhindi, ambayo ng'ombe anaifaidi kwa msaada wa vijidudu vya tumboni mwake na sisi tunaipitisha tu, hata gamba la kumbikumbi alilitaja, akisema limejengwa kwa kaitini, ndugu wa hao hao. Alizoea kumaliza kwa kusema kwamba anayedhani wanga si sukari kwa kuwa hauna utamu arudi darasa la kwanza, na Josepha amelisikia somo hilo nyumbani mara nyingi kiasi kwamba angeweza kulifundisha yeye.

Tarehe 26 Agosti 1995 marehemu alifunga ndoa na Josepha, fundi cherehani wa Kibondo, wakajaliwa watoto wawili, Careen aliyezaliwa mwaka 1996 na Nicodemus aliyezaliwa mwaka 2001, na mjukuu mmoja. Mjane hataki kumsingizia mtu aliyelala jenezani, mumewe hakuwahi kumwinulia mkono, hakulewa, mshahara ulifika nyumbani, na kwa karibu miaka thelathini alimwamini kama anavyoamini kwamba kesho kutakucha.

Tarehe 3 Machi 2021, baada ya wiki kadhaa za kiu na kuishiwa nguvu, alipimwa akaonekana ana kisukari, akarudi nyumbani akamkalisha mkewe, akamweleza kwamba glukosi inazunguka kwenye damu yake kama mgeni anayebisha hodi na mwenye nyumba hafungui, na ni yeye mwenyewe, si Josepha, aliyechukua kikombe cha chai akasema ugali wake usizidi hapo, mboga za majani na maharage zijaze sahani. Josepha akaapa kwamba basi watakula sawasawa, na kwa miaka minne hakula zaidi ya mgonjwa wake, hata harusini alikula kidogo ili mwenzake asitamani, akapungua kilo kumi na moja bila kuumwa, huku wifi yake Loyce akitangaza Makere nzima kwamba kaka yake ananyimwa.

Mwezi Januari mwaka huu wa 2025 alipata kidonda mguuni, akalazwa, na kipimo kinachoonyesha sukari ya miezi mitatu iliyopita kikatoka juu sana, daktari akamuuliza Josepha mbele ya wodi nzima anamlisha nini mgonjwa wake. Akaeleza kila kitu, kikombe, majani, maharage, kisha akamgeukia mumewe amthibitishie, na mwalimu, mtu wa maneno mengi kama mnavyomjua, akageuza uso ukutani. Daktari akatikisa kichwa, wagonjwa wakamtazama Josepha kama mwongo, naye akajiambia kwamba ni maumivu. Mguu ulikatwa tarehe 20 Februari, figo zikafuatia, na tarehe 9 Juni, saa nne asubuhi, Mwalimu Venanti alifariki dunia akiwa na miaka hamsini na tisa.

Juzi, Josepha akiwa amekaa na wanawake nyuma ya nyumba, alikuja jirani yetu Zena, mama lishe wa karibu na stendi, analia, mkononi ana hotpoti ya bluu, ile ambayo Josepha aliambiwa na mumewe kwamba ilivunjika shuleni. Zena akaeleza kwamba tangu Juni 2021 alikuwa akiijaza ugali wa muhogo na samaki, migebuka ya mawese, siku zote za kazi, saa saba mchana, na alipoulizwa kama hakujua hali ya mwalimu, alijibu: "Nilijua, Mama Careen, ila aliniambia muhogo hauna sukari, sukari ni ile ya kwenye chai. Ningembishiaje mwalimu wa baiolojia?"

Josepha akawatazama wanawake wengine, hakuna aliyeshtuka, ndipo akajua kwamba mtaa mzima ulikuwa unajua, walimu waliokaa na marehemu meza moja walijua, na Loyce, kila akija gulioni, alikula naye pale pale kwa Zena kisha akarudi Makere kusema kaka yake anashinda njaa. Loyce alijitetea kwamba marehemu aliwaapisha, eti hakutaka mkewe aumie kwa jinsi alivyojitesa kwa ajili yake. Mjane amelisikia, na anasema wazi kwamba haoni uchungu wa ugali, mgonjwa ni mtu na tumbo lina yake, uchungu wake ni kwamba walimwacha aitwe mchawi wa chakula ilhali kila mmoja alikuwa na jibu mdomoni.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia marehemu, na daktari yule, kama yupo, leo amejibiwa. Tunawashukuru walimu wenzake kwa jeneza na usafiri. Tunawashukuru majirani kwa maji, kuni na turubai, na mjane anaomba kuanzia leo mtu mwenye neno linalomhusu amletee mlangoni. Zena asilie tena, naye alidanganywa, na mtu aliyestahili kuaminiwa.

Mstari wa mwisho Josepha amemwandikia mumewe, sisi wengine tusikie tu.

Venanti, pale wodini nilikungoja useme neno moja, hukusema, imebidi lisomwe mbele ya jeneza lako. Nenda ukapumzike kwa amani, mimi yangu bado naitafuta.