Kosmasi Wandera Anaiacha Machini Kubwa Ikinguruma

Ijumaa hii, tarehe 30 Novemba 2018, Mzee Kosmasi Wandera anastaafu baada ya kukitumikia kituo chetu cha utafiti hapa Kasese kwa miaka thelathini na mwezi mmoja. Aliingia mwaka 1988 kama fundi umeme. Anatoka akiwa Msimamizi Mkuu wa Kompyuta za Ushirika. Nimepewa kazi ya kuandika habari zake kwa sababu mimi, Biira wa hifadhi ya takwimu, nimepakana naye ukuta kwa miaka kumi na mmoja na nimesikia kila alichoiambia mitambo yake.

Kwa mgeni wa jarida hili: Ushirika ni taasisi sita za utafiti, kutoka magharibi ya Uganda, mashariki ya Kongo, Rwanda na Burundi. Mwaka 2010 ziliamua kutumia kwa pamoja kompyuta moja yenye nguvu badala ya kila taasisi kuhangaika peke yake. Kwa kweli ni kompyuta ishirini na nne zilizounganishwa zifanye kazi kama moja. Ziko Kasese, na sote tunaziita Machini Kubwa. Mawasiliano yake na wenzetu wa Kongo hupitia mnara wetu wa Bwera, karibu na mpaka. Ndani ya kompyuta hizo ndimo zinamopigwa hesabu za mvua za Rwenzori, za matetemeko ya ardhi na za magonjwa ya mihogo. Machini Kubwa ikilala, watafiti wa nchi nne hukaa mikono kifuani.

Kosmasi alizaliwa Kilembe mwaka 1958, katika nyumba za wafanyakazi wa mgodi. Baba yake alitoka Samia, upande wa Kenya, akaja kuchimba shaba. Majirani walikuwa Waluo, Waacholi, Wakonzo na Wakiga, na lugha ya uani ilikuwa Kiswahili. Kiswahili hicho anacho mpaka leo, na wahariri wa jarida hili walishakata tamaa ya kukinyoosha. Akiwa na miaka kumi na tisa aliajiriwa kwenye feni zilizopeleka hewa kwa wachimbaji chini ya mlima. Uchimbaji ulipokoma, alitengeneza redio na vinu vya kusagia mahindi mjini Kasese hadi kituo kilipomchukua.

Machini Kubwa ilipofika, wataalamu walioileta waliipanga kama walivyozoea kwao. Kufikia siku ya tatu chumba kilikuwa kama tanuri na kompyuta zilikuwa zinajizima zenyewe. Kosmasi, ambaye wakati huo kazi yake ilikuwa kuangalia soketi na jenereta, aliomba ruhusa ya kugeuza safu moja itazamane na nyingine, kisha akatoboa ukuta, matundu chini upande mmoja na matundu juu upande wa pili. Mtaalamu mmoja alipinga.

"Hewa haipendi kusukumwa," Kosmasi alimwambia. "Inapenda kuonyeshwa mlango."

Jioni ile joto lilishuka kwa nyuzi nane. Mtaalamu alipiga picha matundu yale, na Kosmasi alikabidhiwa ufunguo wa chumba.

Alijifunza kompyuta akiwa na miaka hamsini na miwili, kwa kusoma, kuuliza na kuharibu kidogo. Baada ya miaka mitatu hapakuwa na waya asioujua. Tatizo ni kwamba hakuna mwingine aliyeujua. Kila alipoitengeneza mashine alibadilisha kitu, na kila alichobadilisha alikihifadhi kichwani. Maneno ya siri yalikuwa kichwani, na utaratibu wa kuwasha ulikuwa kichwani pia. Tukimwomba aandike, alijibu, "Nitaandika ikitulia." Haikutulia. Nasi, tuseme ukweli, tulizoea raha ya kuita jina moja.

Mwezi wa tano mwaka 2014 alishikwa na tumbo kazini. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka. Tulimkimbiza hospitali ya misheni ya Kisinga, na alfajiri alikuwa amefanyiwa upasuaji. Siku iliyofuata umeme ulikatika Kasese nzima, na uliporudi Machini Kubwa haikuamka. Tuliwasha kompyuta zote ishirini na nne kwa pamoja, tukiamini tunaisaidia. Kumbe kompyuta ya hifadhi huamshwa kwanza, halafu ile inayozipa nyingine saa, halafu zilizobaki kwa zamu. Tuliivuruga zaidi.

Mkurugenzi wetu, Dkt. Nuwasiima, alinichukua tukaenda Kisinga na daftari. Tulimkuta Mzee amelala, dawa ya usingizi haijamtoka sawasawa. Tukamuuliza tuanze na nini. Akafumbua macho, akajibu kwa sauti ya kuamrisha, "Fungua mlango ya upepo, ngazi ya nne. Watu wako chini."

Niliandika neno kwa neno. Tulikuwa bado tunajadiliana ngazi ya nne ni ipi wakati muuguzi alipoingia.

"Mutu ametoka kupasuliwa, nyinyi munamuuliza kazi?" alisema. "Mutoke."

Tulitoka. Tulipofika Kasese ndipo mlinzi wetu, naye mtoto wa Kilembe, alipotueleza kwamba ngazi ya nne ilikuwa mgodini. Mzee alikuwa anawaokoa wachimbaji.

Leo tunacheka. Wakati ule hatukucheka. Machini Kubwa ililala siku kumi na moja, hadi Mzee alipoweza kuketi kitandani na kutuelekeza kwa simu. Wa kuumia zaidi alikuwa Ampeire, mwanafunzi kutoka Mbarara aliyekuwa akipiga hesabu za mito inayoshuka kutoka mlimani. Hesabu ya wiki sita ilipotea yote, na shahada yake ikachelewa muhula mzima.

Kosmasi aliporudi kazini, akitembea kwa kujishika ubavu, alimwita Ampeire ofisini. Nilisikia ukutani.

"Mimi ndiyo nilikuwa ugonjwa ya hii machini," alimwambia. "Naomba unisamehe."

"Mzee, pole haitarudisha hesabu yangu," Ampeire alijibu. "Nionyeshe hii kitu inawashwa namna gani."

Masomo yakaanza saa ile ile, na Mzee alikuwa bado na nyuzi za kushonwa.

Hapo ndipo ilipoanza kazi ambayo Ushirika unapaswa kumshukuru kwayo kuliko zote. Aliandika. Kurasa mia mbili na kumi, kwa Kiswahili chake cha uani, zenye michoro ya penseli, sasa zinatumika Bujumbura hadi Butembo. Kisha akaanzisha Ijumaa ya Kuzima: kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi aliwatangazia watumiaji, akaizima Machini Kubwa kwa makusudi, akaenda kuketi na chai kwenye benchi la mlinzi. Wengine tuiwashe. Yeye hakuruhusiwa kusema neno, kwa amri aliyojiwekea mwenyewe. Ijumaa ya kwanza tulitumia saa saba, na mlinzi anaapa kwamba Mzee alikunywa birika mbili na kutafuna kifuniko cha kalamu hadi kikaisha. Siku hizi tunatumia dakika arobaini.

Malalamiko hayakukosekana. Mtafiti Danieri wa Butembo, upande wa Kongo, aliandika barua kali akiuliza ni fundi gani anayezima kitu kizima. Kosmasi hakujibu kwa barua. Alimwalika aje akae wiki moja aiwashe mwenyewe. Danieri alikuja, akarudi kwao akiwa mtetezi mkubwa wa Ijumaa hizo. Kutokana na ziara ile ulitokea mpango wa zamu: kila taasisi humtuma mtu mmoja Kasese kwa wiki moja katika kila miezi mitatu, kufanya kazi na kujifunza. Mfadhili wetu wa kwanza alipomaliza muda wake mwaka 2016, wengi walitarajia Ushirika ufe. Haukufa, kwa kuwa wakati huo kila taasisi ilikuwa na watu wawili au watatu walioishika Machini Kubwa kwa mikono yao.

Huko Bwera Mzee alimpata Mbambu. Mama huyu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka kumi na tano kabla ya kuajiriwa kutunza stoo ya mnara wetu. Kosmasi aligundua kwamba alikuwa akisoma mwongozo wake wakati wa chakula cha mchana na kusahihisha makosa kwa kalamu nyekundu. Hakukasirika. Alimpandisha kuwa msimamizi wa mnara.

Sasa nifike kwenye mwezi uliotutoa wasiwasi wote.

Mwezi wa nane mwaka huu Dkt. Nuwasiima alimwagiza Mzee aende likizo yake ya mwisho kabla ya kustaafu na aiache laini yake ya simu mezani pa mkurugenzi. Alitaka kujua kama tunaweza. Mzee aliitoa ile laini polepole mno. Yeye na mkewe, Mama Nabwire, wakaenda kwa binti yao aliye kijiji cha Nyakalengija, anayewapikia waongozaji wa wapanda mlima.

Wakati huo ugonjwa wa Ebola ulikuwa umetangazwa upande wa pili wa mpaka. Kikundi cha Danieri kilikuwa kinatumia Machini Kubwa kukadiria watu wanavuka Mto Lubiriha, ulio mpakani, kwa njia zipi za miguu siku za soko, ili ijulikane vituo vya kunawia mikono na kupimia joto viwekwe wapi. Kikao cha kuamua kilikuwa Alhamisi asubuhi. Jumanne hesabu ilikamilika. Siku hiyo hiyo saa tisa alasiri radi ilipiga mnara wa Bwera, na mawasiliano ya Kongo yakakatika kabla majibu hayajatumwa.

Ampeire, ambaye sasa ni mtaalamu wetu hapa Kasese, alimpigia Mbambu ampe pole na kumwuliza matengenezo yatachukua muda gani.

"Siku mbili, pengine tatu," Mbambu alisema. "Mnara imekufa. Lakini majibu ya Danieri haiko ku mnara. Iko kwenu. Ilete na mukono."

Ampeire alinakili matokeo kwenye flashi tatu, akachukua gari la kituo na kufika Bwera kabla jua halijazama. Jumatano asubuhi yeye na Mbambu walikwenda mpakani Mpondwe, wakanawa kwa maji ya klorini, wakapimwa joto kama kila mtu, wakamkabidhi Danieri flashi zikiwa ndani ya mfuko uliofutwa kwa dawa. Alikuwa ameondoka Butembo usiku. Alizijaribu palepale juu ya boneti ya gari lake. Mbambu anasema Danieri alifunga kompyuta yake, akakaa chini kwenye ukingo wa barabara na kufuta uso kwa shati. Kikao kilifanyika Alhamisi, na ramani ilikuwa mezani.

Baada ya kumaliza hilo ndipo walipoushughulikia mnara. Kifaa kilichoungua kilikuwa na cha akiba stooni. Ijumaa saa nne asubuhi Butembo walirudi hewani. Katika siku zote hizo hakuna aliyetamka kwamba Mzee aitwe. Niliuliza baadaye, na Ampeire aliniambia kwamba hawakujizuia, hawakumkumbuka.

Mzee naye ana yake, na aliyetoboa siri ni Mama Nabwire. Kila jioni alipanda mteremko ulio nyuma ya nyumba ya binti yake, akiwa na simu ya binti, kutazama ukurasa unaoonyesha taa za mtandao wetu. Jumanne aliona taa ya Bwera imezimika. Akashuka, akavaa viatu, akachukua begi.

"Nilimwambia, ukienda leo, utaenda mpaka siku ya kufa," Mama Nabwire anasema. "Akakaa. Lakini viatu hakuvua."

Alishinda siku mbili akitembea uani na viatu vyake. Ijumaa mchana alipanda tena, akaona taa imerudi. Alivua viatu, akala sahani mbili za viazi, akalala hadi asubuhi saa tatu, jambo ambalo mkewe hakuwahi kuliona tangu waoane.

Aliporudi ofisini tulimsimulia yote. Alisikiliza akiwa amesimama. Tulipofika kwenye flashi alituinulia mkono tunyamaze.

"Mimi ningepanda mnara kwanza," alisema. "Ningepoteza siku mbili, na watu wangekaa bila ramani." Kisha akampigia Mbambu na kumwambia maneno hayo hayo. Wakati wanaongea nilitoka, maana macho yalikuwa yameanza kunisumbua, na nadhani yake pia.

Kuanzia Jumatatu ijayo kazi yake itashikwa na Ampeire hapa Kasese na Mbambu huko Bwera, wakisaidiwa na watu wa zamu. Dkt. Nuwasiima alikiri kikaoni kwamba kwa miaka minne alikuwa akiamka usiku na kusikiliza kama feni zinalia, na kwamba siku hizi hasikilizi tena. Wengi wetu tulicheka kwa sababu tulikuwa tukifanya vivyo hivyo.

Mzee Kosmasi, sisi wa Kasese na Bwera, pamoja na wenzetu wa Butembo, Kigali na Bujumbura, tunakushukuru kwa miaka thelathini, kwa matundu ya ukutani, kwa kurasa mia mbili na kumi, na zaidi kwa saa zote ulizokaa kimya kwenye benchi huku ukitamani kusema. Kila la heri wewe na Mama Nabwire, katika afya na katika mapumziko mliyoyatolea jasho. Laini yako imesharudishwa. Ukiona namba ya kituo, pokea bila hofu. Tutakuwa tunauliza kama wajukuu hawajambo.