Ndege Zilipopita Juu ya Feri

Sikukuu ya Australia, ndani ya feri ya Sydney, ndege za jeshi zilinguruma juu yetu. Tulisimama wote kwa heshima, isipokuwa jirani yangu Mama Seini, mwenyeji wa visiwa vya Tonga huko Pasifiki, aliyejifunga kiunoni mkeka ambao kwao ni vazi la heshima. Yeye aliketi sakafuni.

"Mama, umeanguka?" akauliza mzee mmoja mwenye kofia ya bendera, akitafuna soseji.

"Nimekaa. Kwetu mkubwa akipita, watu hukaa chini."

"Lakini hizo ni ndege tu!"

"Zimepita juu ya kichwa chako. Sasa mkubwa nani?"

"Miaka yote hapa hujajifunza kusimama?"

"Na wewe mwenye sikukuu, unaipokea na soseji mdomoni!"

Tulicheka, mzee alinuna. Feri ikagusa gati, ndege zikarudi. Nikamwona mzee kakaa chini, soseji kaificha mgongoni.

"Ni magoti tu yananiuma," akasema.