Mzee Sikio, Msikilizaji wa Mabomba

Tarehe thelathini mwezi huu, Mzee Sikio wa kitengo cha mivujo, Idara ya Maji, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja kazini. Jina lake la kwenye kitambulisho lipo, ila hata mhasibu ameanza kulisahau, maana hakuna anayelitumia. Mkurugenzi humwita Mzee Sikio. Mkewe akipiga simu ofisini humwulizia kwa jina hilohilo.

Kwa wageni wanaodhani maji yakivuja lazima yaonekane, niseme kwamba mengi hayaonekani. Bomba hupasuka chini ya lami, maji hupotelea ardhini, na nyumba za mbele hubaki na koki zinazokohoa hewa. Hapo inabidi mtu apite mtaani alfajiri, kabla mji haujaanza makelele yake, akiwa na fimbo ya chuma yenye kikombe cha mbao juu. Anaisimamisha kwenye valvu ya bomba, anaweka sikio kwenye kikombe, na anasikiliza. Mvujo hutoa sauti kama ya mtu anayekaanga kitu nyumba ya pili.

Mimi niko upande wa mita, na ni mdadisi kupita kiasi, wenzangu wamenizoea. Siku zote nilitaka kujua jambo moja tu. Mtu ametoka kupigwa na baridi, ameinama barabarani asubuhi nzima kama aliyedondosha kifungo, iweje arudi ofisini na furaha kuliko sisi tuliokwisha kunywa chai? Nilimwuliza. Akanipa fimbo na kuniambia nikasikilize mwenyewe. Sikusikia kitu, nikarudi na mafua.

Hakuwa mtu asiyekosea. Ofisini bado tunacheka habari ya bucha, pale alipowaonyesha wachimbaji mahali pa kuchimba, wakachimba mpaka kiunoni, wakakuta bomba zima na kavu. Sauti aliyoisikia ilikuwa ya jokofu la nyama. Tangu siku hiyo mwenye bucha akimwona tu hukimbilia kulizima, naye humsihi aliwashe, kwa sababu nyama haina kosa lolote.

Miaka sita iliyopita sikio lake la kulia lilianza kufifia. Hakumwambia mtu. Akahamia la kushoto, nalo halikukaa muda likamfuata mwenzake. Hofu yake baadaye aliisema mwenyewe bila kificho: kusikiliza ndiyo kazi aliyoijua, na ndiyo furaha aliyokuwa nayo. Vikiondoka vyote kwa pamoja, abaki na nini? Basi akaanza kubahatisha.

Ndipo kikosi chake kikafika mtaa ulio nyuma ya shule. Akaonyesha hapa, wakachimba, pakavu. Akaonyesha pale, pakavu. Shimo la tatu nalo likawa kavu, na barabara ikabaki na mapengo kama kinywa cha mtoto wa darasa la kwanza. Wakati huohuo maji yalikuwa yakipita chini ya ukuta wa mama mmoja mjane, fundi cherehani, yakaloanisha vitambaa vyote vya wateja. Mama wa watu akatoka mlangoni ameshika gauni la bibi harusi linalochuruzika matope.

Mzee Sikio alilitazama lile gauni, akalaza fimbo chini, akawageukia wachimbaji.

“Jamani, mimi sisikii,” akasema. “Na si leo tu. Nimekuwa nikiwadanganya.”

Wachimbaji wakadhani anatania kama kawaida yake, wengine wakaanza kucheka. Ikabidi arudie. Kisha akavua viatu, akaingia kwa yule fundi, na akashinda humo akimsaidia kukamua vitambaa.

Daktari alimwambia wazi kwamba usikivu ule hautarudi. Alipewa kifaa cha kuvaa masikioni, kinachomsaidia akizungumza na mtu wa karibu. Kwenye bomba kinavuma tu. Idara ikamhamishia stoo. Miezi ya kwanza huko hakuwa mtu wa kutaniwa. Mkewe anasema hata nyumbani alikuwa akiweka shavu ukutani, anasubiri, kisha anaondoka. Inaniuma kuandika hivi, kwa kuwa tulikuwa tukipita mbele ya mlango wa stoo tukijifanya tuna haraka.

Kilichombadilisha nilisimuliwa tu, na nimekidadisi mara nyingi. Siku moja alikwenda kunawa kwenye bomba la uani. Mkono mmoja ulikuwa chini ya koki, wa pili umeshika bomba lenyewe. Maji yakaja. Akahisi ubaridi ukipanda ndani ya chuma, na mtetemo mdogo ukipita kwenye vidole. Akasimama palepale, haendi wala harudi, mpaka foleni nyuma yake ikaanza kunung’unika na dereva mmoja akamwuliza kama ananawa kwa niaba ya ukoo mzima.

Msije mkadhani mkono uligeuka sikio. Alijaribu, nami nilikuwepo. Alishika valvu, akafumba macho, akatangaza kwa uhakika wote kwamba kuna mvujo, kumbe ni jenereta ya duka la jirani. Alicheka mpaka akakaa chini, na sote tukacheka naye, maana tangu ahamie stoo hatukuwa tumesikia kicheko chake. Siku hiyo aliniambia kwamba kazi yake ya zamani haikumrudia pale uani. Alichogundua ni kwamba dakika ile maji yalikuwepo, mikono ilikuwepo, na yeye mwenyewe alikuwepo. Kabla ya hapo, kwa miezi kadhaa, mwili ulikuwa stoo na roho iko mtaani na fimbo.

Wiki iliyofuata aliomba ruhusa ya kufundisha. Mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa Dada Sululu, mchimbaji aliyechimba yale mashimo matatu makavu na ambaye, kwa haki kabisa, alikuwa bado amenuna. Mzee Sikio hakumwambia mvujo unasikikaje. Alimkabidhi fimbo na kumwuliza kuna nini sasa hivi. Dada Sululu akajibu hakuna kitu. Akamwuliza tena. Safari hii akataja mlango unaofungwa mbali, mapigo ya moyo wake mwenyewe, pikipiki. Akaulizwa hivyo asubuhi baada ya asubuhi, mpaka siku moja akajibu kwamba kuna mtu anakaanga kitu. Mzee akawaita wachimbaji bila hata kuigusa fimbo. Safari hii shimo lilijaa maji, na Dada Sululu akaacha kununa. Leo ndiye kiongozi wa wasikilizaji, na nyumba za mlimani, zilizozoea kupata maji kwa kuyavizia usiku, zinafungua koki mchana na kuyakuta.

Nilimwuliza Mzee kama haikumbuki ile sauti ya mvujo. Akanijibu kwamba anaikumbuka kila siku, na huwa anaiacha ipite, kwa sababu akiifukuza huku ameshika kazi nyingine anaziharibu zote mbili. Kisha akarudi kupanga mipira ya koki, akiipapasa mmojammoja kana kwamba hajawahi kuiona. Nimekaa naye stoo siku nyingi kumchunguza, na nakiri kwamba safari hii nilianza kuonja kile nilichokikosa siku ya mafua.

Nyumbani nako kumebadilika. Mkewe anasema miaka yote ya ndoa alikuwa akiongea na kisogo, kwa kuwa masikio yalitosha. Sasa Mzee asipomtazama usoni hamwelewi, na katika kutazama amegundua mambo, mathalani kwamba mkewe ana kidoti chini ya mdomo. Bintiye amemwambia hongera, kidoti hicho kina umri mkubwa kuliko yeye.

Kuhusu sherehe yenyewe ya kumuaga: ukumbi ukijaa na spika zikiwashwa, kile kifaa cha masikioni humletea vurumai tu. Alituomba kitu kimoja, nasi tumekubali. Hakutakuwa na hotuba. Tutapanga foleni, Mkurugenzi akiwemo. Kila mmoja atasimama mbele yake kwa zamu, amtazame, aseme neno lake taratibu. Asiyejua la kusema amshike mkono tu, inatosha.

Na kwa kuwa wengine tutafika mbele yako, Mzee wetu, halafu machozi yatuzuie, tumelichapa neno letu hapa mapema lisije likakupita. Asante kwa kutusikiliza. Asante zaidi kwa siku ile uliyosema husikii. Nenda salama, uishi vizuri na wa nyumbani kwako. Sisi tupo hapa, tumenyamaza. Soma polepole.