Chumba Kilichochorwa Mara Mbili

Ijumaa tarehe 30 Juni, mshauri mkuu wa kituo chetu cha ushauri wa ndoa anastaafu baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi. Wafanyakazi tunamwita Mama Penseli. Nilimwomba ruhusa ya kuliandika jina hilo, akacheka, akasema alidhani tunamwita jina baya zaidi.

Alianza kazi mapokezi, akasoma masomo ya jioni, akapanda hadi chumba namba nne, chenye meza ya duara na viti vitatu vya urefu mmoja. Viti hivyo alivipigania miaka miwili, maana hakutaka mtu akae juu ya mwenzake. Amefundisha washauri kumi na wawili. Mashauri aliyoyapokea nimeyahesabu mara mbili kwa kuogopa kukosea: ni elfu nne mia moja na sita.

Wengi huja wakililia zamani. Yeye habishani nao. Humpa kila mmoja karatasi na penseli aliyoikata kifutio, wachore chumba chao cha kwanza bila kuchunguliana.

Mwezi wangu wa pili kazini nilikaa kwenye kona kuandika kumbukumbu za fundi cherehani na mkewe, muuguzi. Wenyewe wameniruhusu kusimulia. Walikuwa na miaka kumi na tisa ya ndoa, na barua ya kuomba talaka ilikuwa imeshaandikwa, bado saini tu. Mume alisema mkewe yule wa siku za mwanzo za ndoa yao alikuwa akimsubiri dirishani kila jioni. Huyu wa sasa hata kichwa hainui. Michoro ilipowekwa mezani, wa mume ulikuwa na dirisha kubwa. Wa mke haukuwa nalo.

"Dirisha lipi, baba watoto?" mke akauliza. "Kile chumba kilikuwa giza tupu. Mimi nilikuwa nasimama mlangoni."

Sote tulimtazama Mama Penseli. Hakusema neno. Nilitamani kukohoa, kuangusha kalamu, chochote. Ilipita dakika nzima, ndipo mume akauliza, kwa sauti ndogo, kwa nini alikuwa akisimama mlangoni.

"Nilikuwa naogopa kukaa ndani peke yangu. Nikikuona unakuja, ndiyo naingia."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unarudi na furaha zako. Ningeanzia wapi?"

Mume akavuta kiti karibu naye. Barua ile haikutiwa saini siku hiyo, wala haijatiwa hadi leo, mwaka wa pili sasa. Sijapata kuona mtu akifanya kazi kubwa vile kwa kunyamaza.

Wiki iliyopita walikuja kumuaga, naye akawarudishia michoro yao. Mke alichukua ule wa mumewe, wenye dirisha. Mume akachukua wa mkewe, akaukunja polepole, akautia kwenye mfuko wa shati.

Asante, mama yetu. Siku zako njema ziwe hizi zinazokuja.