Wobbe Tjalsma na Barafu ya Chini ya Daraja

Ndugu waombolezaji, marehemu Wobbe Tjalsma aliagiza historia yake isipakwe poda, na familia, baada ya kubishana naye sana, imetii.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1938 hapa Aldewier, Frisia, akasoma shule ya kijiji hadi mwaka 1952, akiwa hodari wa hesabu na mvivu wa mengine yote, kisha akaajiriwa katika kiwanda cha jibini, alikokaa hadi kustaafu mwaka 1998. Tarehe 17 Mei 1961 alifunga ndoa na Jeltsje, aliyetangulia mwaka 2009, wakajaliwa binti mmoja, Froukje.

Mbio za kuteleza barafuni alizikimbia kwa mapenzi tu, kwenye mifereji ileile aliyojifunzia utotoni akisukuma kiti cha jikoni ili asianguke, na kuanzia mwaka 1956 alishinda mbio za vijiji mara nne. Chama cha mbio hizo kilimpa pia kazi ya kutoboa barafu na kupima unene wake kabla ya mashindano. Asubuhi ya tarehe 26 Januari 1963 alipima kila mahali isipokuwa chini ya daraja la kanisa, ambako barafu huwa nyembamba, kwa kuwa alitaka kuwahi mstari wa kuanzia, akaandika kwamba hapo pia pana sentimita kumi na mbili, unene wa kutosha, hivyo zulia linalotandikwa ukingoni ili wanamichezo wapite kwa miguu penye barafu dhaifu halikutandikwa. Alipita wa kwanza, barafu ikalia chini yake, hakugeuka. Kaka yake Harke, aliyemfuata, alizama hapo akafa. Kijiji kikasema Harke alipenda njia za mkato, na Wobbe akanyamaza, akatundika viatu vyake vya barafuni asishindane tena, watu wakamsifu kwa majonzi yake.

Saratani ya mapafu iligunduliwa mwaka 2021. Agosti 2022, akiwa hajiwezi tena, alimwita Baukje, mjane wa Harke, akamwambia yote.

"Nilijua, shemeji," alisema Baukje. "Harke alitoka nyumbani akiniambia, usihofu, Wobbe keshapima. Nimekungoja tangu ulipokuwa na miguu ya kufika mlangoni kwangu."

Hakumsamehe, wala familia haitasema alimsamehe. Wobbe alifariki tarehe 11 Novemba 2022, nyumbani kwake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa kiwandani, majirani watakaolibeba jeneza kuzunguka kanisa mara tatu kama ilivyo desturi yetu, na Baukje, aliyekuja leo akaketi nasi, ambaye hatumwombi zaidi ya hapo.

Harke Tjalsma hakupita njia ya mkato, alipita alipoambiwa pako salama. Nawe Wobbe, pumzika, kwa kiasi cha amani utakachojaliwa.