Kiti Nilichokikalia kwa Bi Morwenna

Mheshimiwa Diwani, Mchungaji wetu, uliyekubali kuja kwa sharti kwamba usipigwe picha, Bi Morwenna, mkuu wa duara hili, ndugu wachawi, majirani wa Penhallow, nanyi mliotangulia, ambao sahani zenu ziko tayari: habari za jioni.

Nimeombwa niseme machache kabla ya kengele, kwa sababu ikishalia hakuna ruhusa ya kusema hata "nipe chumvi". Ndiyo Samhain yetu, wageni. Mavuno yamekwisha, mlango wa nyuma unaachwa wazi kwa ajili ya wafu, na tunakula kimya na kinyumenyume, tukianza na keki na kumaliza na supu.

Wanaosema wachawi hupaa hawajamwona Elowen, daktari wetu wa meno, akihangaika kuegesha gari. Je, mnadhani mafagio yale ni ya kusafiria? Ni ya kufagilia majani, na vuli hii yamepukutika mengi. Mwezi uliopita, mchana na usiku vilipolingana, tuliyashukuru mavuno kwa matufaha ya dukani, maana ya bustanini yalishaliwa na nyigu. Na nusu yenu hamli nyama, mnalipita bucha langu mmeziba pua, lakini nawapenda hivyo hivyo.

Mimi mara ya kwanza nilikuja hapa kugomba. Mwaka ule mke wangu Demelza alikuwa amefariki, nami nilikuwa nakula nimesimama jikoni, mkate mkavu na chai. Jioni ya Samhain moshi wenu ukaingia kwenye mashuka yangu kambani. Nikatoka na aproni yangu nyeupe, nikapita mlango wa nyuma uliokuwa wazi, nikafoka: "Nani kawasha moto? Mashuka yangu yananuka samaki wa moshi!"

Hakuna aliyejibu. Wakasimama wote, wakaniinamia, kumbe wamenidhania mmoja wa wafu walioalikwa. Elowen alikuwa mgeni kwenye duara. Alipoona mtu mweupe anatokea gizani, akateleza taratibu hadi chini ya meza. Bi Morwenna peke yake alinitambua. Alivuta kiti kilichokuwa kitupu, akanisukumia sahani.

Nikajisemea, watu hawa hawana akili, wanaanza na keki. Lakini nilikuwa na njaa. Nikala keki, nikala viazi, nikanywa supu ya vitunguu, na katikati ya supu nikaanza kulia, na hakuna aliyeniuliza una nini.

Kengele ilipolia tena, Bi Morwenna akasema, "Denzil, hicho kiti nilimwandalia Demelza."

Nikataka kuinuka. Akanishika bega. "Kaa, bwana. Nimemwita yeye, kakutuma wewe. Anajua huli."

Tangu siku hiyo sijakosa.

Sasa magoti ya Bi Morwenna yamegoma, nyumba hii imeuzwa, na kesho kutwa anahamia kwa bintiye. Juzi nilimsikia akimwambia Elowen, "Duara bila meza litavunjika, mwanangu. Mtaniona nimewatupa." Bi Morwenna, ulidhani nimelala kwenye kochi. Nilikuwa macho, na maneno yale yaliniuma.

Wahenga walisema, mchawi mpe mwana kulea. Mimi sikujaliwa mwana. Nina jiko kubwa nyuma ya bucha, lina meza ndefu na mlango wa nyuma, na nyama nitaifungia ili msizimie. Mwakani Elowen akae kichwani pa meza, moto uwashwe uani kwangu, na jirani yeyote akija kugomba kwa sababu ya mashuka, tumvutie kiti.

Wewe, mama, usithubutu kungoja tukuandalie sahani ya marehemu. Panda treni, uje unywe supu.

Nakushukuru kwa kiti kile, nanyi nyote asanteni kwa kunisikiliza. Naona Elowen ameshika kengele. Bi Morwenna, usinijibu kwa mdomo, sasa ni mwiko. Kama umekubali, nisukumie keki.