Wageni Themanini na Wawili, Viti Arobaini

Bwana asifiwe. Na mama zangu wa Makina, salaam aleikum. Nimesalimia pande zote mbili ili mtu asitoke hapa akisema nilimruka.

Nimewaona mkiangaliana niliposimama. Ndio, ni mimi. Ni mimi niliyekosa mikutano minne mfululizo ya kikundi chetu, ati nina mafua. Ndugu zangu, nawaambia ukweli, hakuna mafua ya wiki nne. Nilikuwa na aibu. Leo nimekuja kuitoa mbele yenu, na sitataja jina la mtu. Kwa hivyo nikisema "mama mmoja wa Makina," tafadhali msigeuke wote mkamwangalia.

Mnaona? Mmegeuka.

Sawa. Mnanijua kwa kazi. Kutoka stage ya 56 pale Kawangware mpaka huku Satellite, mtu akiozesha binti, akibatizisha mtoto, au akisafirisha mwili nyumbani na anataka watu wale kabla basi halijaondoka, ananiita mimi. Si ati napika kuwashinda nyinyi. Chapati zangu mnazijua, na kuna mtu hapa aliwahi kuzisema vibaya, nimesamehe. Wananiita kwa sababu najua kuhesabu watu.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Mtu akikuambia "nitakuja," andika nusu mtu. Akikuambia "nitajaribu," usiandike kitu. Akikuambia "Mungu akipenda," huyo anakuja na watoto wanne na mkebe wa kubebea. Na kama kadi imesema saa sita, chakula kiive saa nane, kwa sababu saa sita ndipo mtu wa kwetu anaanza kutafuta maji ya kuoga. Miaka kumi na mbili hesabu hiyo haikuwahi kuniangusha. Nikaanza kujisikia. Nilikuwa nikitembea pale sokoni kama mtu aliyeandikwa na serikali.

Sasa, kuna ofisi moja ambayo napelekea chapati saa nne. Pale kuna msichana mpole sana, kazi yake ni kupanga tamasha la vyakula na mvinyo. Msifikirie sherehe kama zetu. Huo ni uwanja mzima wa nyasi iliyokatwa, mahema meupe, watu wanatoka hema hili kwenda lile wakionja kidogo kidogo bila kushiba. Na ndani ya tamasha kuna shughuli maalum. Huku mtu anafundishwa jibini, kule watu wanakula na mpishi mkubwa, na kila shughuli unabuku nafasi yako mapema maana viti ni vya kuhesabu. Siku moja akaniambia, "Anti, mwaka huu tunataka chakula cha mchana cha mtaani. Vyakula sita, kila kimoja na mvinyo wake. Utatusaidia kupanga?"

Nikamwambia kupanga ndilo jina langu la ubatizo.

Nikaja hapa hapa, nikasimama pale alipokaa mwekahazina, nikawaambia tuachane na ile harusi ya Satellite kwa sababu Jumamosi hiyo tunaenda kupikia wakubwa. Wanane kati yenu mkaniamini. Mkaacha harusi ya watu mia tatu kwa ajili ya mdomo wangu. Na yule msichana alikuwa ameniambia waziwazi: ikienda vizuri, hema hilo ni la kikundi chetu kila mwaka. Ikiharibika, hata zile chapati za saa nne nisilete tena. Hiyo sehemu ya pili sikuwaambia.

Akanipa simu ya kubukia. Watu wanatuma ujumbe, mimi naandika jina kwenye daftari, najibu, nauliza kama kuna chakula mtu hali. Mmoja akaandika kwamba hali ngano. Mwingine akaandika hali kitu chochote chenye uso. Hilo la uso lilinisumbua siku mbili, nikifikiria omena, wale dagaa wetu tunaowapika na vichwa vyao.

Siku ya tatu arobaini walikuwa wamejaa. Viti ni arobaini, meza ni ya arobaini. Mtu mwenye akili angezima simu. Mimi nikaangalia daftari nikasema hawa arobaini kwa kweli ni ishirini. Nikaendelea kuandika. Nikafika themanini na wawili. Ukigawanya mara mbili unapata arobaini na mmoja, na huyo mmoja nilipanga akae kwenye debe. Halafu nikawatumia wote ujumbe: karibuni saa sita kamili. Na mimi najua vizuri kwamba chakula ni saa nane.

Mama mmoja wa Makina, ambaye alikuwa anakuja na pilau yake, aliliona daftari. Akaniuliza kama watu hao wameshalipa. Nikasema wamelipa. Akauliza, mtu atalipa halafu asije? Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Nikamwambia hata harusini watu wanachanga na hawaji, mtu anatuma mchango ili asisumbuliwe. Akaniambia polepole, "Na wakija wote?" Nikamwambia yeye ashughulike na pilau, mambo ya watu aniachie mimi.

Nimelirudia neno hilo kichwani wiki nne nzima. Anajua.

Na yeye alikuwa na masharti yake. Sufuria yake haiwezi kukaa karibu na chupa. Alipima mwenyewe kwa miguu, hatua thelathini, akachora mstari kwenye nyasi, na mtu wa mvinyo aliyeletwa na tamasha akaambiwa asiuvuke hata kwa bahati mbaya. Kwa wale wasiokunywa alileta madumu ya maji ya ukwaju. Huyo mtu wa mvinyo naye, mnamkumbuka? Wiki iliyotangulia alikuja kwangu kwa plot kuonja vyakula ndipo achague chupa. Akala omena, akafumba macho, akanywa kidogo, akazungusha mdomoni, akatema kwenye ndoo. Jirani yangu akaniuliza kama tumtafutie maziwa, huenda amekunywa sumu.

Jumamosi ikafika. Saa sita kasoro dakika kumi nilikuwa nimeketi kwenye kreti nakunywa chai, nina masaa mawili yangu ya starehe. Kuku hawajakatwa. Unga umefungwa. Mboga za managu bado zina mizizi na udongo wa shamba. Nikaona kofia moja nyeupe kwenye lango la hema. Nikasema huyu amepotea. Nyuma yake kofia nyingine. Nyuma ya hiyo, mwanamume na mkewe wameshikana mikono, wana simu mbele yao kama tochi, ndani kuna ujumbe wangu: karibuni saa sita kamili.

Ndugu zangu, walikuja wote. Sijawahi kuona watu wa aina hiyo. Hakuna aliyefiwa, hakuna aliyekwama kwenye jam, hakuna aliyekuwa na mgeni wa ghafla. Saa sita na dakika tano nilikuwa na watu themanini na wawili, wamenyoosha mashati, wanatafuta majina yao mezani. Arobaini wakakaa. Wengine wakasimama nyuma ya viti kama watu wa kupigwa picha. Na yule wa kuchukia nyuso alikuwa amesimama mbele kabisa ya beseni la omena.

Yule msichana wa ofisi akaja anakimbia. Akaniuliza swali moja tu, niliwabuku watu wangapi. Nikamwambia naenda choo.

Ni kweli nilienda. Vile vyoo vya plastiki vya bluu, nilijifungia ndani ya kimoja. Nikasimama mle ndani nikilia, na sikulia kwa ajili ya hao wageni. Nililia kwa sababu niliwaona nyinyi wanane kupitia tundu la mlango, mmevaa aproni mpya mlizoshona wenyewe, mmeshika miko, mnaangalia huku na huku mkinitafuta. Nikafikiria ile harusi. Nikafikiria jinsi nitakavyopita 56 tena. Nilimwomba Mungu mvua, na jua lilikuwa kali ajabu.

Mlango ukagongwa. Nikasema kuna mtu. Sauti ya mama wa pilau ikasema, "Najua ni nani. Toka. Hapa nje kuna watu wanangoja choo, na kule kuna watu wanangoja chakula. Chagua utaanza na nani."

Nikamwambia, "Nitawaambia nini?"

"Ukweli, na uwe mfupi. Halafu wape visu."

Sikuelewa mara moja. Akaniuliza, kule kwetu Magharibi mwa Kenya, na hata kwao Makina, mtu akifika kwenye shughuli kabla chakula hakijaiva anafanywa nini? Anaangaliwa? Nikasema hapana, anapewa kisu. Akasema, basi.

Nikatoka, nikapanda kreti. Nikawaambia, "Mimi ndiye niliyewaandikia. Viti ni arobaini, nyinyi ni themanini na wawili. Sikutaka kumwibia mtu. Nilidhani hamtakuja." Yule msichana alikuwa amefunika uso kwa mikono. Nikaendelea, maana nikinyamaza ningeanguka: "Pia niliwadanganya saa. Chakula ni saa nane. Kwetu mtu akifika mapema hivi anakaribishwa jikoni. Anayetaka kwenda nyumbani aende na tutamrudishia pesa zake. Anayebaki, anawe mikono."

Wa kwanza kucheka alikuwa mzee mmoja mwenye suti ya rangi ya maziwa. Akasema mke wake amemfukuza jikoni miaka thelathini, na akavua koti. Watu kumi na mmoja waliondoka, sitawaficha, na walikuwa na haki. Mama mmoja alibaki kunigombeza tu. Nilimpa kitunguu saumu amenye huku akinigombeza, na nawaambia hakuna mtu aliyemenya vizuri siku hiyo kumshinda yeye. Hasira inasaidia.

Mliyaona mengine. Watu wa mvinyo wameketi kwenye nyasi wanachambua managu, wengine wanatupa majani na kuweka mashina. Yule mzee alikatakata sukuma wiki kama anapasua kuni. Yule asiyekula nyuso tulimkalisha kwenye chapati, akasukuma chapati moja yenye umbo la ramani ya Kenya, hata ziwa likaonekana. Tukawalisha kwa zamu: hawa wakila, wale wanapika, halafu wanabadilishana. Mvinyo haukutosha, maana ulikuwa wa watu arobaini. Yule bwana wa mvinyo alikuwa anamimina vijiko viwili viwili kwa uchungu, mpaka watu wakaanza kuvuka mstari wenyewe kwenda kwenye ukwaju. Kila mmoja alisimamishwa mpakani, akaambiwa aache glasi yake ya mvinyo hapo chini kwenye nyasi. Waliacha. Mstari mzima ulijaa glasi. Hata yule bwana alivuka mwishowe, akaonja ukwaju, akazungusha mdomoni, akatazama huku na huku atafute ndoo. Mama wa pilau akamwambia hapa kwangu tunameza. Akameza.

Walienda nyumbani karibu saa kumi na mbili, na wengine walibeba chapati walizosukuma wenyewe.

Sasa msidhani niliponea hapo. Jumatatu niliitwa ofisini, nikaambiwa mambo yangu bila sukari. Yule msichana nusura apoteze kazi kwa ajili yangu, na hilo bado linaniuma. Ndipo nikajifungia nyumbani na yale mafua. Nilikuwa na hakika nimewapotezea harusi na hema vyote kwa siku moja.

Wiki iliyopita, mama mmoja wa Makina alitembea kwa miguu kutoka kwao mpaka kwangu Kawangware. Hata hakukaa. Akaniambia wale watu wa kofia wameandika barua, wanataka kujua chakula cha kupika wenyewe kitakuwa tena lini. Tamasha limeturudishia hema mwaka ujao, na aliyepewa simu ya kubukia ni yeye. Mimi ile simu nimekatazwa hata kuishika. Nimekubali. Nawaambia kwa moyo wote, nimefurahi.

Kwa hivyo nashukuru. Nawashukuru nyinyi wanane, kwamba hamkunivulia aproni mbele za watu. Namshukuru yule msichana, hayuko hapa lakini chapati zake za saa nne anazipata. Na wewe niliyekucheka mpaka nikashika ukuta, nisamehe. Ulikuwa umeuliza swali zuri.

Nilichojifunza ni kidogo. Mtu akikuambia atakuja, mwamini, umwekee kiti. Miaka yote ile nilidhani nina akili ya kuhesabu, kumbe nilikuwa nimezoea tu kutowaamini watu, nikaita mazoea hayo ujanja.

Leo mliniambia mkutano ni saa nane. Nilifika saa nane kamili, nimeoga. Sasa ni saa kumi na nusu na kuna watu ndio wanaingia pale mlangoni, karibuni, karibuni, msione haya. Viti mlivyokalia nimevipanga mimi, peke yangu, na nilihesabu kila mtu aliyesema atakuja kuwa mtu mzima, si nusu. Saa nane na dakika tano mlango ulifunguka, akaingia mmoja tu. Simtaji. Hakuniuliza nilikuwa wapi wiki nne. Alitoa kisu kwenye kikapu, akanipa, akasogeza beseni la vitunguu katikati yetu, tukaanza.